Mtemi Aliyeficha Mikono

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, niwaambie yaliyompata Milembe.

Milembe alikuwa binti wa Mtemi Igulu. Ukoo wao ulitawala tangu mababu wa mababu, na watu wa nchi ile waliamini kwamba mtemi hafi. Mtemi akizeeka, huingia nyumba ya ndani pamoja na mwanawe. Asubuhi mwana hutoka peke yake, amejifunika ngozi ya simba, na mzee haonekani tena. Watu husema roho ya mtemi imehamia kwa mwanawe.

Siku moja Mtemi Igulu akasema amechoka. Akamwita Makoye, kaka yake Milembe, wakaingia ndani.

Asubuhi Makoye akatoka. Milembe akamkimbilia.

"Kaka, umeamkaje? Baba je?"

Makoye akamtazama kama mtu anayechagua mbuzi.

"Wewe ni nani hata uniite kaka?" akauliza.

Milembe akapigwa na butwaa. Hata machozi hayakutoka.

Basi, watu wakakusanywa uwanjani. Mtemi mpya akasema, "Mimi ni mfalme wa milele. Semeni." Watu wakapiga magoti, wakasema. Akasema tena, "Mimi ni mfalme wa milele. Semeni." Wakasema. Akasema mara ya tatu, nao wakasema, isipokuwa Shangazi Minza, dada yake Mtemi Igulu. Huyo alikuwa Mkristo, peke yake katika nyumba ile.

"Mbona wewe kimya?"

"Mtemi, nitakupigia magoti, na shamba lako nitalima," akajibu Shangazi Minza. "Lakini mfalme wa milele ninaye tayari. Ni Yesu."

"Yuko wapi nimmeze?"

Watu wakatazamana. Nimmeze? Mtemi gani husema hivyo?

"Alikwisha kufa, akafufuka," akasema shangazi. "Yeye hamezi watu wake. Aliutoa mwili wake kwa ajili yao, na mikono yake ina makovu ya misumari."

"Makovu hata mimi ninayo."

Hapo Milembe akagundua kwamba tangu asubuhi hajaiona mikono ya kaka yake. Ilikuwa imefichwa ndani ya ngozi ya simba. Akasogea mbele.

"Tuonyeshe mikono, mtemi."

"Mtemi haamrishwi na mtoto."

"Tuonyeshe mikono, mtemi."

"Nyamaza!"

"Tuonyeshe mikono, mtemi."

Akainua mikono ampige. Lo, zilikuwa kucha, ndefu kama mundu! Ngozi ya simba ikaanguka, na sura ya Makoye ikaanguka nayo. Palepale likasimama zimwi, jicho moja katikati ya paji.

"Watemi wenu wote nimewameza mimi," likasema. "Kila mliyemsujudia nilikuwa mimi."

Watu waliganda. Wengine walikuwa bado wamepiga magoti, wakasahau hata kuinuka.

Milembe akachomoa mkuki wa kitemi uliosimikwa pale, akalichoma zimwi tumboni. Likaanguka. Makoye akatoka tumboni, amelowa, anakohoa, yu hai. Nyuma yake ikatoka mifupa, mingi, ya watemi wote wa ukoo. Mkono mmoja ulikuwa na bangili ya shaba.

Shangazi Minza akaishika ile bangili. "Huyu ni Igulu."

"Shangazi, si baba aliingia ndani jana?"

"Baba yako alitawazwa ulipokuwa bado unanyonya. Aliingia nyumba ile, na aliyetoka hakuwa yeye."

Milembe akakaa chini. Yule aliyemwamkia kila asubuhi, aliyemmegea nyama kwa mkono uliofunikwa ngozi, hakuwa baba.

Makoye alitawala. Watu walipotaka kumwita wa milele alikataa. Akawaambia, "Mimi nitakufa kama ninyi. Wa milele muulizeni Shangazi Minza."

Siku nyingi zikapita. Kisha siku moja, akichambua kunde na shangazi yake, Milembe akauliza, "Shangazi, baba alikuwaje?"

"Alikuwa na sauti mbaya ya kuimba," akasema Minza, "lakini alikuimbia ulale."

Ndipo Milembe akalia.

Hadithi yangu imefika mwisho wake, mwenye masikio na aibebe. Wanangu, kila mtawala wa dunia hii atakufa. Msimwabudu mtu, hata akiwa wa ukoo mkubwa namna gani.