Maneno Yaliyomrudisha Bi Siwema

Yasiyobishaniwa ni haya, na wote waliohusika waliyakubali kabla ya yeyote kudai lolote. Kwamba Bi Siwema wa kijiji cha Nyamwasha, bonde la Rufiji, alisafiri kwenda Handeni kumwona ndugu yake na hakufika. Kwamba homa ilimshika njiani, akateremka basi mahali pasipo pake, na alipookotwa kando ya barabara hakuweza kutaja jina lake wala la kwao. Kwamba alikaa katika wodi ya hospitali ya mbali tangu mvua za vuli hadi za masika, huku binti yake, Asia, akimtafuta, kwanza akiwa na mimba changa, kisha akiwa mzito wa kujifungua. Kwamba alirudi nyumbani kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa. Na kwamba maneno hayo yalipita katika mikono ya wanawake watatu.

Wafahamuni wanawake hao kwa vipawa vyao. Nasikiwa alikuwa mwandishi wa gazeti, na kipawa chake kilikuwa jicho: aliona vitu ambavyo wengine walivitazama tu. Lulua alikuwa na blogu kuhusu mikeka na wasukaji wake, na kipawa chake kilikuwa kuelewa: umwonyeshe uzi, atakwambia umetoka nyumba gani. Bi Tabu alikuwa na mashine ya kusaga nafaka pale Nyamwasha, na kipawa chake kilikuwa kutoweza kunyamaza. Jambo jema likimfikia, lilikuwa halina budi kumfikia na jirani.

Asia alijifungua mtoto wa kike wiki ile ile mama yake aliporudi. Na katika ukoo wao, mtoto anayezaliwa nyumba ikiwa imetendewa fadhila kubwa hupewa jina la aliyeitenda. Jina ni moja. Ukiunganisha mawili, umezidharau fadhila zote mbili. Mwenye jina huwa somo wa mtoto, ndugu wa nyumba hiyo hadi kaburini. Mama mzazi ndiye hulitamka, siku ya kumtoa mtoto nje, na likishatamkwa halirudi mdomoni.

Hivyo siku hiyo Asia aliwaketisha wote watatu ukumbini, mtoto mapajani. Aliwahi kukaa katika baraza la usuluhishi la kata, na mazoea ya pale hayakumtoka: hakuamini dai kabla ya kuligeuza upande wa pili. Aliogopa jambo moja tu, kwamba mwanawe angeishi maisha yake yote na jina lililowadhulumu wengine wawili.

"Semeni," alisema. "Nani alimrudisha mama?"

Nasikiwa alianza. "Nilitumwa kuandika habari za upungufu wa vitanda. Bibi alikuwa pembeni, anasuka. Muuguzi akaniambia, 'Huyo mwache, dada, akili imehama.' Sikumwacha. Nilikaa naye asubuhi nzima, na haya ndiyo niliyoandika." Akayasoma bila karatasi, kwa kuwa aliyajua kwa moyo: "Hajui jina lake, lakini vidole vyake havijasahau kazi. Kutwa husuka ukili wa miyaa, ule utepe wa kushonea mikeka. Kila akifika mwisho huacha ncha wazi, haifungi, huanza mwingine. Ni kana kwamba hata kazi ya mikono yake sasa haina mwisho."

Asia akaligeuza dai upande wa pili. "Ulipoziona ncha zile, ulidhani ni nini?"

"Nilidhani ni ugonjwa."

"Basi hukujua ulichokiandika."

"Sikujua maana yake," Nasikiwa alisema. "Nilijua namna ya kukiandika kisipotee. Ningeandika 'bibi mmoja anasuka mikeka', leo tungekuwa wapi?"

Asia alikubali kimoyomoyo kwamba hilo lilikuwa na uzito. Tukio halina mwenyewe. Yeyote angeweza kuliona. Lakini maneno yaliyochaguliwa hivyo, kwa mpangilio huo, yalikuwa ya Nasikiwa, na hakuna mwingine wodini aliyeyachagua.

Lulua alifuata. Alilisoma gazeti hilo mjini, na alipofika kwenye ncha zisizofungwa, chai yake ikapoa. Maana katika vijiji vya bonde la chini, mama ambaye binti yake ana mimba hafungi ncha ya ukili hadi mtoto azaliwe. Hilo gazeti zima halikulijua. Lulua alinukuu sentensi zile nne katika blogu yake, akataja hospitali, mwandishi na gazeti, kisha akaongeza yake: "Bibi huyu hajasahau. Bibi huyu anamsubiri mjukuu. Katika vijiji vya chini ya mto kuna mwanamke mjamzito aliyepotelewa na mama yake. Mwambieni."

"Mhariri wetu alinuna," Nasikiwa alisema.

"Wewe hukununa?" Asia aliuliza.

"Kidogo."

Mhariri alikuwa amempigia Lulua simu. Alimwambia kwamba ameng'oa moyo wa habari na kuwaachia mbavu. Nani angelitafuta gazeti baada ya kuusoma moyo wenyewe? Lulua alijibu kwamba sheria humruhusu mtu kunukuu kwa ajili ya kueleza na kuhakiki, mradi achukue kwa kiasi na ataje chanzo. Mhariri akasema kiasi hakipimwi kwa wingi wa mistari peke yake, hupimwa pia kwa uzito wa kilichochukuliwa.

"Hukuweza kusimulia kwa maneno yako?" Asia aliuliza.

"Ningeweza. Nani angeniamini? Maneno ya dada huyu ndiyo ushahidi. Mimi niliyafafanua tu, na huwezi kufafanua kitu ambacho hukukiweka mezani."

"Na kama ulikuwa na haki, kwa nini uliiondoa makala?"

Lulua alitazama mkeka. "Niliogopa," alisema. "Iliishi siku chache, nikaifuta."

Hapo wote walimgeukia Bi Tabu, aliyekuwa akimchezesha mtoto kidole kana kwamba kesi haimhusu.

"Mimi sina hoja," alisema. "Nilipanda kichuguu ambako mtandao hushika, nikaisoma kabla huyu binti hajaifuta. Nikashuka, nikachukua chaki, nikaiandika yote, hata jina la hospitali, kwenye bati la ukuta, chini ya orodha ya zamu za watu."

Asia aliikumbuka siku hiyo kuliko wengine wote. Alikuwa amebeba mahindi yake. Gazeti lenyewe lilikuwa limekwisha kufungiwa karanga, na kwenye blogu hapakuwa na kitu. Palibaki bati. Aliisoma mara moja, akaketi juu ya gunia la mtu, na Bi Tabu akaizima mashine ikiwa na nafaka ndani, jambo ambalo hakuna mtu Nyamwasha aliyewahi kuliona.

"Lakini majina yao hukuyaandika," Asia alisema.

"Ukuta mfupi, mwanangu. Ningeandika majina ningefuta zamu za watu."

"Ungeandika kwa herufi ndogo."

"Wazee wenzangu wangezisoma kwa macho ya nani?"

"Bibi," Lulua alisema, akizuia kicheko, "ulichukua ya dada huyu yote, na yangu yote. Mimi nilisumbuliwa kwa sentensi nne."

"Sikusema ni yangu."

"Hukusema ni ya mtu," Nasikiwa alisema. "Ndilo kosa lenyewe."

"Basi nishitakini. Ila mtafute kwanza wa kuwasagia unga wa shughuli hii." Kisha akamtazama mtoto. "Wala msimpe jina langu. Tabu ninaibeba mwenyewe, inanitosha."

Walicheka. Lakini kicheko kilipokwisha, Bi Tabu hakukiondoa kidole chake kwenye kiganja cha mtoto. Alisema kwa sauti ambayo mashine ingeimeza, "Ingawa sijawahi kuwa somo wa mtu."

Asia aliyarudia madai yao moja moja. Aliyapima tena. Wa kwanza aliyaumba maneno, lakini aliyaelewa kinyume. Wa pili aliyaelewa, akawataja wenyewe kwa heshima, lakini alichukua kiini, na alipotishwa aliachia. Wa tatu hakuomba, hakutaja, hakubakiza. Na nakala yake, yenye kasoro kuliko zote, ndiyo pekee iliyokuwapo siku ilipohitajika. Ukimwondoa yeyote kati yao, Bi Siwema bado yuko wodini anaacha ncha wazi.

"Tumwite Siwema, yaishe," mumewe alinong'ona kutoka mlangoni.

Bi Siwema alimsikia. Alikuwa pembeni mwa ukumbi, amerudiwa na akili yake kiasi cha kutosha, ukili mkononi. "Mimi nilisuka tu, mkwe wangu," alisema. "Sikujirudisha. Msiitumie hofu yenu kunipa kisicho changu."

Akauinua ukili wake uone mwanga. Ulikuwa mrefu, umenyooka, na ncha yake bado ilikuwa wazi, kwa kuwa mtoto asiye na jina huhesabiwa kwamba hajafika kamili.

"Asia," alisema, "vidole vimechoka kusubiri. Tamka, nifunge."

Asia alimbeba mtoto akielekea mlangoni, kwenye jua. Nasikiwa alimtazama kwa jicho lisilokosa kitu. Lulua aliitazama midomo yake. Bi Tabu alitazama chini, vumbi la chaki lingali kwenye pindo la kanga yake.

Mashahidi wamemaliza, nanyi mmesikia yote niliyoyasikia mimi. Mtoto yuko mlangoni, ncha iko wazi, na jina ni moja. Je, wewe uliyesikiliza, ungekuwa Asia, ungetamka lipi? Na wale wawili watakaobaki, ungewatazama usoni na kuwaambia nini?