Lango la Barua

Wahenga hawakuijua barua pepe, lakini tabia ya mwenye pupa waliijua vyema, ndiyo maana wakatuachia methali isemayo kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Maana yake ni kuwa yapo mambo ambayo yakishatendeka hayatenduliki, hata mtendaji alie machozi ya damu. Mkuu wa mawasiliano wa hospitali moja ya macho aliijua methali hiyo tangu shuleni, tena aliwahi kuiandikia insha. Haikumsaidia kitu.

Asubuhi hiyo alikuwa amefura kwa hasira. Hospitali ilikuwa imenunua msaidizi wa akili mnemba, programu inayopokea maagizo, ikaandika barua na kuzituma yenyewe kwa wagonjwa wote kwa mpigo. Wajumbe wa bodi walikuwa njiani kuja kuiona. Lakini fundi wa kompyuta, ambaye pia alikuwa mdogo wa mkewe, alikuwa ameifunga kamba mguuni kama kuku mgeni. Aliipa orodha ya wagonjwa wa kubuni, kisha akalifunga lango la kutokea barua.

"Shemeji, wiki nzima tunawaandikia watu wasiokuwepo!" mkuu alifoka. "Mgonjwa wa Kwanza, Mgonjwa wa Pili! Bodi itatucheka."

"Waache wacheke. Huyu mgeni bado hatujamjua. Akikosea humu ndani, tunafuta, tunaanza upya. Akikosea huko nje, utamkimbiza nani?"

"Ungekuwa mpishi wewe, watu wangekufa njaa ukionja chumvi."

"Na wewe ungewapakulia mbichi. Lango usiliguse mpaka nirudi. Kompyuta ya bingwa imegoma."

Bingwa huyo wa upasuaji alikuwa ametoka nchi ya mbali, na hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho. Jioni angepanda ndege, asirudi hadi mwakani. Wa mwisho kwenye zamu yake, saa nane mchana, alikuwa mama mzazi wa mkuu, mwalimu mstaafu ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfumba macho yote mawili. Zamu hiyo mama aliingoja kwa subira ya ajabu, na mwanawe alikuwa ameahidi kukaa naye mpaka bandeji itolewe.

Fundi alipotoka, mkuu aliketi mbele ya kompyuta. Yale majina ya kubuni yalimchefua. Akayatoa, akaweka orodha ya wagonjwa halisi wa siku hiyo, ili bodi ione kitu chenye sura. Akaiagiza programu iandike tangazo la dharura la majaribio: upasuaji wa leo umeahirishwa, usije mpaka uitwe. Anwani yake mwenyewe akaiweka juu, apate kuona barua ikifika.

Haikufika. Alifungua sanduku lake la barua, akalifunga, akalifungua tena. Alikuwa amesahau kwamba lango limefungwa, na alipokumbuka ndipo hasira ilipompanda utosini. Akalifungua.

Programu ikauliza: "Barua hii itaenda kwa wote walio kwenye orodha. Niendelee?"

"Maswali, maswali, maswali!" alinung'unika, akabonyeza "Ndiyo" bila kusoma. Simu yake ikalia. Barua imefika, tena imeandikwa vizuri. Akatabasamu.

Tabasamu lilidumu hadi simu za mapokezi zilipoanza kulia zote pamoja. Fundi alirudi mbio.

"Umefungua lango?"

"Kidogo tu, shemeji."

"Kidogo ndiyo nini? Lango hili ama limefungwa ama liko wazi!"

Mkuu aliiamuru programu izirudishe barua. Ikajibu kwa adabu kwamba barua zilizokwisha kutumwa haina uwezo wa kuzirudisha. Basi bodi ilipofika iliwakuta wawili hao wakiwapigia wagonjwa simu mmoja mmoja, wakiomba radhi hadi sauti zikawakauka. Wengine waliwatukana, wengine walidhani ni matapeli, lakini mwishowe wote walikuja. Wote, isipokuwa mmoja. Simu ya mama haikupatikana. Jirani alisema dada wa mama, aliyekuja kumsindikiza hospitalini, alikuwa amemchukua kwenda naye shambani, huko ambako mtandao ni wa kubahatisha.

Saa nane ilifika. Bingwa alingoja, akatazama saa, akangoja tena. Kisha akavua glavu.

Jioni, mama alipiga simu mwenyewe.

"Mwanangu, simu yangu ilinisomea barua yenu, nikatii. Nilidhani ungeniambia kwa mdomo wako, nikasema labda kazi zimekubana. Basi bingwa ananiita lini?"

"Mama, ameondoka. Hakuahirisha chochote. Ile barua niliituma mimi. Nilikuwa najaribu mashine."

Mama aliyarudia maneno hayo polepole.

"Ulikuwa unajaribu," alisema. "Ukaona unijaribie mimi."

"Nisamehe, Mama. Nakuomba unisamehe."

"Nimekusamehe. Ngoja kwanza, kuna mjukuu analia hapa. Hasemi neno, sijui ni yupi. Hebu nimpapase uso."

Mkuu alishika simu kwa mikono miwili, akalia kama mtoto. Msamaha alikuwa ameuomba, tena alikuwa ameupata, lakini ndege ya bingwa ilikwisha kuruka na macho ya mama yalibaki gizani. Ama kweli, maji yakimwagika hayazoleki.