Tundu la Mlango wa Sange

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na milango na adabu ya kubisha hodi, Sange, kinyama kidogo chenye pua ndefu kuliko akili ya wengi, alijenga kibanda akakipaka chokaa. Ngiri akaja kumtembelea. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ngiri alipewa jembe, akalifanya mto.

Akakalia kitanda, akamaliza viazi. Sange na wanawe wakalala barazani, na masika yananukia. Kumtoa kwa nguvu? Kwa meno yale, thubutu!

Adhuhuri moja Ngiri alikwenda kugaagaa matopeni. Sange akaingia, akafunga mlango apumzike gizani. Loo! Ukutani palikuwa na mpapai wa uani, rangi zake zote, ila shina juu, majani chini.

Mwingine angekimbia. Sange aliunusa ukuta: chokaa tu. Akageukia mlango, akaona tundu lililotobolewa na mdudu bungua. Akaliziba kwa ncha ya pua, mpapai ukatoweka. Akaliachia, ukarudi. Akamtuma bintiye Tatu akaruke uani. Ukutani, Tatu akaruka kuelekea sakafuni.

“Kumbe mwanga hunyooka tu, haujui kukata kona,” akajisemea. “Wa juu ukipenya hapa huishia chini, na wa chini huishia juu.”

Ngiri aliporudi, Sange alimlaza kwa upole, akamfungia mlango asisumbuliwe na jua. Wanawe akawaambia wacheze uani. Kisha akasimama kando ya mlango.

“Mjomba,” akanong'ona, “chonde, usitazame ukutani.”

Kumkataza Ngiri ni kumtuma. Akatazama. Watoto wananing'inia, miguu juu.

“We Sange, mbona dunia imepinduka?”

“Dunia ipo palepale, Mjomba. Nyumba hii ndiyo haimpendi anayelalia jembe. Humpindua polepole. Tumbo bado limetulia?”

Tumbo lililojaa viazi vya watu halitulii. Akakurupuka kitandani. Puu! Ngiri akautoboa mlango kwa kichwa, akatimka nao shingoni kama kola.

Jioni mvua ikanyesha. Sange na wanawe walikuwa ndani, wamekinga mlango kwa mkeka. Kulipokucha akachonga mlango mpya, na kabla hajaupachika akautoboa tundu mwenyewe, maana watoto, baada ya kusimuliwa, walikuwa wanaulizia mpapai wa ukutani.

Ngiri hajalichunguza mpaka leo. Asiyechunguza, wajukuu, hufukuzwa na tundu.