Sponji Chini ya Magoti

Jambo la kwanza aliloliona lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinarukaruka juu ya maji yaliyochemka, mvuke ukikiinua na kukiangusha, lakini hakikutoa sauti. Msichana alisimama katikati ya chumba chake cha kupanga, kijiko mkononi, akakitazama kikicheza ngoma isiyolia. Alielekeza sikio la kulia. Hapo akasikia ka, ka, ka, kwa mbali, kama sufuria ya jirani. Akaelekeza la kushoto. Kimya.

Alizima jiko, akala, akalala. Hakumwambia mtu. Na angemwambia nani? Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, kiti kimoja na kikombe kimoja.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Anayeuficha ugonjwa wake asidhani ameushinda, kwani msiba ndio utakaokuja kuutangaza. Methali hiyo aliijua tangu shuleni, kabla hajaiacha shule nusu njia. Lakini kuijua methali ni rahisi, kuiishi ndiyo kazi.

Alikuwa akifanya kazi chelezoni, mahali meli zinapopandishwa nchi kavu kutengenezwa. Tumboni mwa kila meli kubwa mna matangi. Meli ikiwa tupu, matangi hujazwa maji ya bahari ili iwe nzito na isiyumbe. Ikipakia mzigo, maji hutolewa. Bahari huingia, bahari hutoka, chumvi hubaki, na hapo ndipo kutu huzaliwa na kulea watoto wake. Matangi yenyewe yamegawanywa vyumba vidogo vidogo, na kutoka chumba hiki kwenda kile ni kupenya kwenye tundu ambalo mtu mnene hapiti. Yeye alikuwa mwembamba kama uzi, basi vyumba vya mwisho vikawa vyake.

Kazi aliipenda. Kwanza kugonga kutu mpaka chuma king'ae. Halafu kuosha kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu rangi ikipakwa juu ya chumvi huota malengelenge kama ngozi iliyoungua. Halafu kukausha, kupaka pembe na maungio kwa brashi, ndipo ukuta mzima ufuate. Vile vipande vya zinki vilivyochomelewa ukutani haviguswi na rangi, maana vimewekwa pale viliwe vyenyewe ili ukuta usiliwe.

Mashine ya kugongea kutu hupiga kelele za kupasua fuvu, na kila mfanyakazi alipewa vifuniko vya masikio. Yeye alivivua. Hakuvivua kwa ujeuri. Kule ndani, peke yake, aliogopa kusahauliwa. Alitaka aisikie nyundo ya mlangoni ikigonga, ajue kuna mtu anamkumbuka. Kwa kutaka sana kusikia, akayaharibu masikio yake.

Nyundo hiyo ilikuwa ya Kasuku, mlinzi wa mlango wa tangi, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kazi yake ilikuwa kuangalia feni inayosukuma hewa ndani na kugonga bamba kila baada ya muda. Aliye ndani hujibu kwa kugonga. Nyundo ikigonga mfululizo, maana yake tokeni upesi. Na kanuni ya chelezo ilikuwa moja: asiyesikia nyundo haingii tangini.

Basi msichana akajifunza kusikia kwa mifupa. Magoti yake yakiwa juu ya bamba, Kasuku akigonga, mtetemo ulimpanda mapajani mpaka kifuani, naye akajibu. Hakuna aliyejua.

Nje ya tangi mambo hayakuwa rahisi hivyo.

"Maringo! We, Maringo!" Kasuku alimwita wakati wa chakula. "Siku hizi salamu zinakatiwa tiketi?"

Msichana alitazama kikombe chake.

"Mwacheni malkia," Kasuku akawaambia wenzake. "Haongei na mabawabu. Mpaka tutume mshenga."

Wakacheka. Yeye aliona meno, naye akacheka akiwa amechelewa, wenzake wameshanyamaza. Jina la Maringo likamganda. Alilivumilia, akiona heri kuitwa mwenye maringo kuliko kuitwa kiziwi na kufukuzwa kazi.

Hata mama yake alimpotea hivyo hivyo. Alipopiga simu, sauti yake ilikuja kama maji yanayopita nyuma ya ukuta, naye akaitikia tu: "Ndiyo, mama. Sawa, mama." Siku moja alisema "sawa, mama," kisha simu ikakaa kimya muda mrefu, ikakatika. Hakujua amekubali nini. Tangu siku hiyo mama hakupiga tena.

Ikaja meli ambayo matangi yake yalikuwa meupe pe, rangi mpya, laini kama ganda la yai. Fundi mkuu, mwanamke wa makamo mwenye viganja vigumu kama turubai, alitikisa kichwa.

"Uzuri huu siuamini," alisema, akimpa msichana nyundo ndogo na chaki. "Gonga kila bamba, mwanangu. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hulia kama chungu chenye ufa. Kizima kitie vema, kibovu kitie kosa. Umesikia?"

"Ndiyo, Fundi," alijibu, kwa kuwa alikuwa amemtazama midomo.

Alianza kugonga. Bamba la kwanza, kimya. La pili, kimya. Yote yalimnyamazia sawasawa, kama watu waliogombana naye. Macho yakamwambia ni mazima. Akatia vema, chumba baada ya chumba, na kila vema aliiandika haraka, asiitazame mara mbili.

Alipotoka kunywa maji kabla ya chumba cha mwisho, Kasuku alimkimbilia na kipande cha sponji alichokikata kwenye godoro kuukuu. Akayaonyesha magoti yake kwa kidole.

"Yameota sugu kama ya ngamia! Chukua, upige magoti juu yake. Na usinishukuru, utayaharibu maringo yako."

Hakusikia hata nusu ya maneno, lakini mkono uliomnyooshea kitu aliuelewa. Hakuwahi kupewa zawadi mahali pale. Aliikumbatia sponji, akaingia nayo kabla machozi hayajaonekana.

Akapiga magoti juu yake. Raha iliyoje! Lakini sponji iliyomkinga na chuma ilimkinga pia na sauti ya chuma.

Feni ikazimika. Kutu hula hewa kama inavyokula bamba, na tangi lisilopulizwa hugeuka kaburi pole pole. Kasuku akagonga mfululizo. Wafanyakazi wakatoka wakikimbia, mmoja mmoja. Hayo yote msichana alikuja kusimuliwa baadaye.

"Maringo yuko wapi?" Fundi aliuliza.

"Atatoka," Kasuku alijibu. "Labda anajipodoa."

"Amejibu?"

"Bado."

"Bado ni nini? Amejibu au hajajibu?"

Kasuku akainua nyundo tena, na safari hii hakuwa na utani mdomoni.

Ndani, msichana alihisi kichwa kimekuwa chepesi. Alikaa chini, nyundo mapajani. Aliona kifuniko cha sufuria kikicheza mbele yake bila sauti. Akawaza kwamba hata kikilia hakuna wa kukisikia. Kisha mikono ikamshika kwenye ukosi.

Alizinduka nje, juu ya turubai. Kasuku alikuwa amesimama juu yake, kinyago cha hewa kikining'inia shingoni, mabega yamechunika kwa kulazimisha mwili kupita kwenye matundu.

"Nimegonga mpaka mpini umepasuka!" alifoka, macho yamelowa. "Hayo ni maringo gani?"

"Mwache," Fundi alisema, akimnywesha maji. "Ni hewa mbaya tu, mwanangu. Ilikulegeza. Si kosa lako."

Msichana alimsoma midomo. Udhuru ulikuwa umeshakatwa na kushonwa kwa kipimo chake, kazi yake ni kuuvaa tu. Akitikisa kichwa kukubali, kesho atarudi kazini. Lakini kando ya mlango aliona ndoo za rangi zimefunguliwa tayari kuongeza tabaka kwenye vyumba alivyovitia vema. Akawaza mabaharia watakaolala juu ya matangi hayo, katikati ya maji, wakiiamini chaki yake.

"Sikulegea," alisema. Sauti yake mwenyewe ilimfikia kwa mbali. "Sikusikia. Fundi, mimi sisikii. Sikio la kushoto limekufa, na la kulia linalifuata. Alama zangu zote ni za uongo."

Feni ilipowashwa na hewa kupimwa, Fundi alichukua nyundo akaingia. Alirudi na gamba la kutu nene kama kipande cha mkate, upande mmoja mweupe unaong'aa. Akaliweka kiganjani mwa msichana, akainama kwenye sikio lake la kulia.

"Aliyepaka rangi hii alidhani ameitibu kutu. Kumbe ameifunika shuka, iendelee kula kwa raha zake. Tangini huingii tena, kanuni ni kanuni. Kesho hospitali kwanza. Halafu utakuja kupaka huku nje, kwenye jua, watu wakikuona."

Kasuku alizunguka akaja upande wa kulia, akachuchumaa.

"Siku zote nakutania," alisema kwa nguvu, "kumbe nautania ukuta! Na sponji yangu ilitaka kukuua. Si ungesema, dada?"

Jioni msichana alikaa kwenye kiti chake kimoja, akampigia mama yake. Aliibana simu kwenye sikio la kulia mpaka likauma.

"Mama, siku ile ya mwisho uliniuliza nini, nikasema sawa?"

Mama akasema, neno moja moja: "Nilikuuliza, nikikupigia simu nakusumbua? Niache?"

Msichana alifumba macho.

"Mama, sisikii vizuri. Nilikuwa naitikia tu. Nataka unipigie. Nipigie kila siku, mama, hata kama nitakwambia urudie mara mia."

Kilio kilikuwa kimeshafika mlangoni pake, kikamkuta ameshasema, kikageuza njia. Si wote wanaowahi namna hiyo, kwani mficha maradhi, kilio humuumbua.