Kioo Kilichotazamana na Mlango

“Amkaguaye mchambuzi, pamba humpita.”

Bibi Holo aliisema methali hiyo bila kuinua macho. Alikuwa akikata viazi vitamu vya kuanikwa juani viwe michembe, na kisu chake hakikupumzika. Mjukuu wake Ng'wasi alikuwa ametoka kumsimulia mwezi wake wa kwanza katika maabara ya hospitali. Mkubwa wake wa kazi alikuwa amemwita ofisini mara mbili, na mara zote mbili walizungumzia misuko ya nywele zake. Majibu ya vipimo hayakutajwa.

Jilala, binamu yake, aliacha kupanga viazi kwenye mkeka. “Bibi, hiyo sijawahi kuisikia. Imetoka wapi?”

“Imetoka ng'ambo ya reli, kwenye kile kiwanda cha pamba ambacho sasa kimebaki kuta,” alisema Bibi Holo. “Sogezeni ungo huo mkae. Ilianza hivi.”

Zamani, kabla mama zenu hawajazaliwa, pamba yote ya upande huu ilipelekwa kwenye kiwanda hicho. Mkulima alileta magunia, na kabla hayajafika kwenye mashine yalipita kwenye meza moja ndefu iliyowekwa chini ya dirisha la kusini. Dirisha lilikuwa la kusini kwa sababu: msimu wa mavuno jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo upande wa pili hubaki na mwanga mtulivu usiodanganya. Hapo mezani mchambuzi alichota pamba kutoka kila gunia, akaitandaza juu ya kitambaa cheusi, akaivuta kwa vidole gumba, akaitazama. Nyeupe isiyo na uchafu iliitwa safi. Iliyopigwa na mvua au kuingia manjano iliitwa fifi. Gunia liliandikwa safi au fifi, likafungwa kamba ya mchambuzi wake, likaenda ghalani.

Wachambuzi walikuwa wawili. Mzee Gamaya alifunga kamba nyeusi, Wande alifunga nyekundu.

Wande alikuwa mwanamke wa kwanza kukaa kwenye meza ile. Alianza kama mfagiaji wa ghala, akajifunza kwa kumtazama Gamaya, mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja Gamaya mwenyewe alipomwita na kumwambia, “Njoo ukae. Umenichungulia vya kutosha.” Msimu ule tunaousema ndio uliokuwa wa mwisho kwa mzee, na watu walijua kwamba Wande ndiye angebaki mkuu wa meza. Ni kazi aliyoitaka kuliko kitu kingine chochote, ingawa hakuwahi kuitamka hadharani.

Basi akaja meneja mpya, Bwana Luhende. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda mambo yaonekane yamenyooka, na siku ya kwanza tu alipopita mezani alisimama mbele ya Wande.

“Mama, umekuja kazini au umeamkia ndani ya gunia?”

Nywele za Wande zilikuwa zimejaa pamba. Mtu hawezi kutikisa pamba kutwa nzima kichwa kikabaki cheusi. Lakini hakubishana. Kesho yake alikuja amejifunga upande wa kanga kichwani.

“Hapa si shambani,” meneja alisema. “Wageni wakija watadhani umekuja kupalilia.”

Siku ya tatu Wande aliivua kanga. Alikuwa ameamka alfajiri, akasuka, akapaka mafuta, akavaa gauni alilolipiga pasi. Mafuta yale yalivuta nyuzi nyingi kuliko siku zote, lakini meneja hakuziona nyuzi. Aliona gauni.

“Leo umekuja kutazama pamba, au kutazamwa?”

Wakati huo Mzee Gamaya alikuwa amekaa pembeni yake. Koti lake lilibakiwa na kifungo kimoja, na masharubu yake yalikuwa na ugoro mwingi kuliko kopo lake. Siku hiyo hiyo walikuja wageni, na meneja alimwekea mzee mkono begani akisema kwa fahari, “Mwoneni huyu. Huyu ndiye mtu wa kazi. Hana hata nafasi ya kujitazama!” Wageni wakacheka, na Gamaya naye akacheka, maana sifa haina mzee. Wande aliendelea kuvuta pamba.

Wiki iliyofuata kioo kililetwa, kikubwa kama dirisha dogo. Meneja aliagiza kitundikwe kwenye ukuta unaotazamana na mlango wa chumba cha meza, ili kila mwanamke anayeingia ajione kabla hajaonekana. Nkwabi, bawabu, alipewa daftari. Mwanamke atakayeingia bila kuwa nadhifu aandikwe, na wa kuandikwa mara tatu aondolewe alipo, arudi kufagia ghala. Wanawake pale kiwandani walikuwa kumi na mmoja. Kumi walikuwa tayari wakifagia. Wa kurudishwa alikuwa mmoja tu, na hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani.

Asubuhi ya kwanza Nkwabi alishika kalamu kwa aibu. “Mayu Wande,” alimwita kwa heshima ya mama, “nikuandike nini leo? Nywele au kanga?”

“Andika pamba,” Wande alisema, akapita.

Akaandikwa mara ya kwanza. Baada ya hapo Nkwabi aligeuza macho kila Wande alipopita.

Sasa sikilizeni vizuri, maana jambo lenyewe lilianzia hapa. Mlango wa chumba kile ulitazama mashariki. Kila asubuhi jua liliingia mlangoni likaishia ukutani, halikumsumbua mtu. Kioo kilipowekwa kwenye ukuta huo, jua lilikipiga, likageuka, likaenda kutua juu ya meza. Kuanzia saa mbili hadi karibu saa nne, kitambaa cheusi kiling'aa, na pamba iliyowekwa juu yake ikang'aa pia. Manjano yalipotea. Kila gunia likawa safi.

Siku ya kwanza Wande hakugundua. Siku ya pili alitoa kwenye kisanduku pamba ya mfano, ile fifi ambayo walilinganishia, na akaona nayo imekuwa nyeupe kama maziwa. Saa tano, jua lilipokwisha kupanda, akaitoa tena. Ikarudi kuwa manjano.

“Mzee,” alimwambia Gamaya, “kile kioo kinatudanganya asubuhi.”

“Kinakudanganya wewe. Mimi nimeanza kuchambua pamba baba yako hajaoa. Hata sihitaji kisanduku.”

Wande akaenda kwa meneja. Bwana Luhende alitabasamu kama mtu aliyekuwa akilisubiri neno hilo. “Kioo kinakuudhi kwa sababu kinakuonyesha.”

Wande alirudi mezani. Asubuhi zilizofuata aliacha magunia yake yakae, akafanya kazi ya kupanga kamba na kukung'uta vitambaa mpaka saa nne ipite, kisha akachambua bila kupumzika hadi jioni. Meneja aliona tu kwamba asubuhi alikuwa mvivu. Na siku moja, gunia la mjane mmoja lilipokuwa likingojewa haraka, Wande alivua kanga yake akaifunika juu ya kioo ili apate mwanga. Kwa hilo akaandikwa mara ya pili: kichwa wazi, na kudharau mali ya kiwanda.

Mwisho wa mwezi akaja mnunuzi kutoka mjini. Alifungua magunia kumi yaliyoandikwa safi, akakuta fifi ndani ya saba. Akayafunga, akasema hatachukua hata moja mpaka aelezwe.

Kesho yake asubuhi mwenyekiti wa chama cha ushirika kilichomiliki kiwanda, mama wa makamo aliyeitwa Milembe, alikuja pamoja na mnunuzi. Walisimama ndani ya chumba cha meza. Magunia saba yalikuwa yamepangwa sakafuni.

“Mimi nilionya mapema,” meneja alisema. Alimpa mwenyekiti daftari la Nkwabi. “Mtu asiyeweza kuzitunza nywele zake ataitunzaje pamba ya watu? Ameandikwa mara mbili. Leo naomba iwe ya tatu.”

Mama Milembe alilifungua daftari, akasoma polepole. “Naona majina ya wanawake tu. Wanaume wa hapa hawapiti mlangoni?”

“Wanapita, Mama. Lakini wao wanakuja kufanya kazi.”

“Na huyu anakuja kufanya nini?”

Wande, aliyekuwa amesimama mikono nyuma, aliomba kusema.

“Mama, kabla hujaandika, tazama kamba.”

Wote wakainama. Magunia sita yalikuwa na kamba nyeusi. Moja lilikuwa na nyekundu.

Mzee Gamaya aliinuka kwenye kiti chake, akashika kamba ya gunia la kwanza, akaiachia. Miaka thelathini na minne, na hili ndilo lingekuwa neno la mwisho juu yake.

Wande angeweza kunyamaza hapo. Kamba zilikuwa zimekwisha kumtetea. Lakini alimtazama mzee aliyemwambia njoo ukae, na akasema, “Lile la kamba nyekundu ni langu kweli. Ni la siku ya kwanza, kabla sijajua. Na macho ya Mzee ni mazima. Saa hizi ni saa tatu. Naomba mje mezani.”

Alichota fifi kutoka gunia la kamba nyekundu, akaitandaza juu ya kitambaa cheusi. Mwanga ulikuwa umetua pale pale.

“Mama, hii ni safi au fifi?”

Mama Milembe alikuwa mkulima wa pamba tangu utotoni. Aliitazama. “Safi.”

“Bwana Mnunuzi?”

“Safi,” mnunuzi alisema, kisha akakunja uso, kwa kuwa alikuwa amelifungua gunia lile kwa mkono wake mwenyewe.

Wande alifungua kanga kichwani. Nyuzi zilianguka mabegani mwake mbele ya watu wote, na safari hii hakuzikung'uta. Akatembea mpaka ukutani, akakifunika kioo kwa ile kanga.

Dirisha la kusini likafanya kazi yake ya siku zote. Juu ya kitambaa cheusi pamba ilikuwa ya manjano kama meno ya mvuta kiko, na vipande vya majani makavu vikaonekana kimoja kimoja.

“Loo!” alisema mnunuzi.

Mama Milembe aliitazama pamba, akaitazama kanga ukutani, akalitazama daftari lililokuwa bado mkononi mwake. “Bwana Luhende, humu kuna mistari mingi ya nywele. Iko wapi ya pamba?”

“Mama, mimi nilitaka tu mahali pawe...” Sentensi hiyo hakuimaliza, wala sijawahi kukutana na mtu aliyesikia mwisho wake.

Mzee Gamaya ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kifupi kisicho na furaha. “Aliniambia,” alisema. “Huyu mtoto aliniambia, nikamjibu habari za ndoa ya baba yake.” Akamgeukia meneja. “Mwanangu, wewe na mimi tuko sawa. Wewe ulimkagua mchambuzi, mimi nikafurahi kwamba sikaguliwi. Na pamba ikatupita wote wawili.”

Daftari liliondoka na Mama Milembe, na halikurudi. Magunia yote ya asubuhi yalichambuliwa upya. Wande na Gamaya waliyamaliza kwa siku tisa. Msimu ulipokwisha, mzee alimkabidhi Wande kisanduku cha mfano na kitita cha kamba zake nyeusi. Kuhusu Bwana Luhende, hakuomba radhi kwa maneno. Lakini kuanzia siku ile, alipoingia chumbani, alikwenda mezani kwanza, na mkono wake uligusa pamba kabla mdomo wake haujafunguka.

Bibi Holo alikung'uta maganda kutoka mapajani.

“Na kioo?” Jilala aliuliza.

“Siku walipokishusha, Gamaya ndiye aliyekipokea. Akajiona. Wanasema alisimama nacho muda mrefu. ‘Kumbe ndivyo nilivyo,’ akasema, akaenda kutafuta vifungo. Kioo chenyewe alikichukua Nkwabi, akawa ananyolea ndevu kibandani kwake.”

Jilala alicheka mpaka akamwaga viazi. Ng'wasi hakucheka sana. Alikuwa akiushika msuko mmoja na kuuachia.

“Bibi, na Jumatatu akiniita tena?”

“Nenda. Usigombane naye. Chukua majibu ya vipimo ulivyopima, umwekee mezani, mahali penye mwanga mzuri. Mwombe asome.”

“Na asiposoma?”

Bibi Holo aliweka kisu chini kwa mara ya kwanza jioni ile. “Huko hospitalini, mjukuu wangu, gunia ni mtu. Asiposoma, mwulize kwa sauti, wenzako wakisikia, ni mgonjwa gani aliyempita wakati akihesabu misuko yako.”

Ng'wasi aliachia msuko, akavuta ungo karibu, akaanza kupanga viazi kwenye mkeka, kimoja kimoja, upande uliokatwa ukitazama juu.

“Amkaguaye mchambuzi,” alisema, taratibu, kama mtu anayejaribu uzito wa kitu.

“Pamba humpita,” bibi yake alimalizia, akarudia kisu chake.