Kuni za Roida

Mgane mmoja wa Makete alikuwa na jiko la chuma lisilochagua. Lilipokea kuni, magunzi, mkaa na hata makaa ya mawe, na bomba lake lilitoa moshi juu ya paa. Huko Makete milimani, mwezi wa Juni, nyasi huamka nyeupe kwa jalidi, na mtu huchagua cha kuwasha kwa uangalifu uleule anaochagulia mbegu. Mgane huyo aliitwa Lameki Tweve.

Nyuma ya nyumba yake, kwenye ukuta, kulikuwa na kuni za miti ya miwati zilizokauka sawasawa. Mkewe Roida alizichanja kwa mkono wake mwenyewe, akazipanga gome juu, ncha zote mstari mmoja, akakusudia zipitiwe na kiangazi kimoja ndipo ziingie jikoni. Kabla kiangazi hicho hakijaisha, akafariki. Tangu siku ile Lameki hakuruhusu hata kuni moja iguswe. Alizifunika kwa bati, akaweka mawe juu ya bati, na kila Jumapili akitoka kanisani alipitia hapo kwanza kuondoa majani yaliyoangukia. Alijua ni ipi yenye fundo lililomhangaisha Roida tangu asubuhi hadi jua la utosi. Majirani walisema Tweve ameoa tena, ameoa kuni, na mke huyu hapiki. Habari hizo zilimfikia. Hakukasirika, aliona tu kwamba hawaelewi.

Yeye mwenyewe aliwasha chochote kilichopatikana, na kwa mtu mmoja aliyezoea kulala na koti, hilo lilitosha.

Kisha binti yake wa pekee, Yusta, akajifungua mtoto wa kiume kabla ya miezi yake kutimia. Mumewe alikuwa kazini mbali, hivyo Yusta akarudi kwa baba yake. Tabita, mama yake Roida, akapanda kutoka bondeni kunakolimwa mpunga ili amwogeshe kitukuu wake, kazi ambayo marehemu ndiye angeifanya. Lameki alifurahi kuliko alivyoweza kusema. Alitaka mtoto huyu akulie ndani ya nyumba ile, atambae kwenye sakafu aliyotambaa mama yake. Lakini mtoto alikuwa mdogo mno, na nesi wa zahanati alikuwa amewaagiza jambo moja: asipate baridi, na asivute moshi.

Lameki akaanza kuchagua. Alileta kwanza mabanzi ya miti ya misindano kutoka kwa wapasua mbao. Yalikuwa mabichi. Yalilia jikoni, yakatoa povu kwenye ncha, moshi ukarudi chumbani, na kitu cheusi kama lami kikachuruzika kwenye bomba. Akanunua magunzi. Yaliwaka kwa fujo, chuma kikawa chekundu, na kabla uji haujachemka yalikuwa majivu. Akamwomba dereva wa lori amletee makaa ya mawe. Hayo yalikuwa na joto la kweli, joto la kushinda na kukesha, lakini chekeche la jiko, kile chuma cha matundu kinachobeba moto, lilikuwa limelika. Makaa yalidondokea kwenye majivu, yakakosa hewa, na nyumba ikajaa harufu iliyokaba koo, mpaka Yusta akatoka na mtoto akasimama naye juu ya jalidi. Kila mara Lameki alilaumu kitu: mvua, bomba, dereva. Na kila mara, akienda kutafuta kingine, alipita kando ya bati lile.

Kwa heshima ya ukwe, Tabita na Lameki hawakuzoea kutazamana usoni, na neno lake mama mkwe alilipitisha kwa mjukuu. Hatimaye alimtuma Yusta aseme kwamba kesho watashuka bondeni wote watatu, na kwamba baba asione ametukanwa. Yusta aliufikisha ujumbe, kisha akaongeza la kwake, nusu akicheka nusu akilia: humu ndani, baba, hata mbuzi angeomba ruhusa aondoke. Lameki alijua kwamba mtoto akishuka, atajifunza kutembea kwenye uwanja wa watu wengine.

Asubuhi mizigo ikawekwa mlangoni. Tabita akazunguka nyuma ya nyumba, kwani hakutaka kuondoka bila kupaona mahali alipofanyia kazi mwanawe. Lameki alimfuata kwa mbali. Akamwona anashusha mawe, anainua bati. Tabita akavuta kuni moja ya chini. Ilikuwa nyepesi, na unga mweupe wa wadudu ukamwagika kwenye khanga yake. Akavuta moja ya juu. Hiyo ilikuwa nzito na nzima. Akazishika zote mbili, kila moja kwa mkono wake, akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu awe mama mkwe akamtazama Lameki usoni.

"Baba Yusta," akasema, "mwanangu alizichanja hizi ili nani aote moto?"

Lameki alitaka kusema kwamba hizo ndizo zilizobaki za mikono ya Roida. Maneno yalifika mdomoni. Lakini ndani mtoto akakohoa, kikohozi chembamba cha kitu kisicho na nguvu, na Lameki akaona haya kuyatamka. Akanyoosha mikono. Mama mkwe wake akampakia kuni, moja baada ya nyingine, mpaka zikamfika kidevuni.

Zilizoanza kuliwa na wadudu zilitangulia jikoni, maana zisingengoja zaidi. Moto haukupiga kelele. Ulishika taratibu, ukakaa. Juu ya paa moshi ulikuwa mwembamba, mtu alilazimika kuutafuta kwa macho. Yusta alimfungua mtoto shuka ya kwanza, baada ya muda akamfungua ya pili, na mkono mdogo ukatoka nje ukabaki wazi. Mizigo ilikaa mlangoni mpaka adhuhuri. Kisha Tabita mwenyewe akairudisha ndani, akauliza sufuria kubwa iko wapi.

Haikuwa rahisi kwa Lameki. Kila kuni aliigeuza mkononi kabla ya kuiachia. Lakini alipoigeuza alisimulia: hii Roida aliichanja siku aliyomnunia kwa sababu ya viatu, hii yenye fundo aliitukana kwa Kikinga, lugha ya kwao, kisha akaiomba radhi. Tabita alicheka mpaka akajifuta macho. Yusta alisikiliza kwa mshangao, kwa kuwa hakuwahi kuambiwa hayo. Miaka yote baba yake alikuwa ameyafunika pamoja na kuni.

Baridi ilipokwisha, mtoto alikuwa mzito wa kuchosha mkono, na ukuta wa nyuma ulikuwa mtupu. Lameki alisimama akautazama, akasubiri uchungu uje. Ulikuja, lakini ulikuwa mdogo kuliko alivyouogopa. Akanoa shoka, akaenda kwenye miwati.

Ninyi mlioachiwa kitu na watu waliowapenda, ni nani anayeota moto wake leo?