Zimwi la Dimbwi la Mikindu

Kiangazi cha mwaka ule kilikausha mito yote, likabaki dimbwi moja tu chini ya mikindu. Nalo, kwa bahati mbaya, lilikuwa na zimwi. Aliyeliona ni Sungura. Alisema lina shingo ya twiga na meno ya mamba, na asiyeamini aende akaoge.

Wanyama walilia. Ngiri alifurahi, ingawa aliona haya kukiri. Yeye alikuwa mwenyekiti wa Chama cha Kuchunguza Mazimwi, ambacho tangu kianzishwe hakikuwahi kuona hata ukucha wa zimwi. Wanachama wengine walikuwa Fisi, aliyejiunga kwa ajili ya chakula cha safari, na Simba, ambaye hakuogopa zimwi ila, kwa maneno yake, hakupenda maji yenye matope.

Kanuni kuu ya chama aliitunga Ngiri mwenyewe: zimwi likitazamwa halitoki. Basi kila asubuhi waliweka viazi vitamu ukingoni, wakageuka, wakachunguza kwa migongo. Nyuma yao wakasikia kutafuna, kisha kunywa kwa raha.

"Lipo," Ngiri alinong'ona.

"Lipo, Mwenyekiti," Fisi aliitikia.

Nyumbani, watoto wa Ngiri walikuwa wakilamba umande kwenye mawe. "Baba, leo tutakunywa?"

"Uchunguzi unaendelea, wanangu." Alisema hivyo huku moyo ukimuuma, maana alijua jibu lile halikati kiu.

Fisi alichoshwa na viazi. "Mwenyekiti, meno ya mamba ni ya kula viazi? Tuweke mifupa." Wakaiweka. Siku hiyo nyuma yao kukawa kimya, na mifupa haikuguswa, mpaka Fisi alipoihurumia akaila.

Mwenye akili angeshtuka. Ngiri alihuzunika. "Limeugua," alisema. "Likifa, tutachunguza nini?"

Wakatwanga mwarobaini, wakavipaka viazi dawa ile, wakaviweka na kugeuka.

"Akh! Mama yangu, nakufa!" sauti ikalia nyuma yao.

"Kumbe zimwi nalo lina mama?" Fisi aliuliza. Simba alikuwa tayari amejikinga kwa Ngiri.

Ngiri alikuwa mzazi, na mzazi akisikia kilio cha namna ile hakumbuki kanuni. Akageuka. Ukingoni alilala Sungura, tumbo limejaa maji, akiusugua ulimi kwa mchanga.

"Zimwi liko wapi?" Ngiri aliuliza.

"Limetoka kidogo, Mwenyekiti. Nimelishikia nafasi."

Ngiri aliyatazama maji, akawakumbuka wanawe, na aibu ikamchoma kuliko hasira. "Hukunizuia wewe," alisema polepole. "Nilikaa hapa kwa hiari yangu, nikakulinda unywe."

Sungura akatwishwa mtungi, akawachotea maji watoto wa Ngiri na wa wengine wote mpaka mvua ziliponyesha. Simba alitangaza kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Njia ya mwongo ni fupi. Wanaoirefusha ni sisi tunaomwamini.